Frijol Asilowe

Mama mkwe wangu, Doña Eulogia, alikutwa na kiroboto shingoni akiwa kwenye foleni ya mikate, mbele ya nusu ya mtaa. Papo hapo akatangaza kwa sauti ya kuuzia tamale sokoni: "Nikimwona mwingine kufikia Jumapili, yule mbwa anahamia ranchi kwa shemeji!"

Mama huyu akishasema hadharani, basi tena. Mbwa wangu Frijol nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, wala sioni haya kusema. Kesho yake asubuhi nikambeba mbio hadi kwa Itzel, daktari wa wanyama.

"Mkanda wa dawa wa shingoni?" akauliza.

"Ataula."

"Kidonge cha kutafuna?"

"Atakitemea kwenye kiatu changu."

"Basi matone, hapa kati ya mabega. Viroboto na kupe kwisha habari yao. Dawa ya minyoo ni ya maji, namnywesha sasa hivi. Ila asilowe siku mbili."

"Asilowe? Huyu na maji hawasalimiani!"

Nikarudi nyumbani napiga mluzi. Mlangoni, mama mkwe amejitanda shali yake nzuri.

"Baltasar, ulikuwa wapi? Leo sikukuu ya Mtakatifu Antonio, siku ya kubariki wanyama! Wanyama wote wameshafika kanisani!"

Nimebatizwa parokia hii, nikasahauje? Na Padri Anselmo hanyunyizi maji ya baraka, anamwaga. Kwa ndoo.

Kukosa baraka haikuwezekana. Kwetu hata kasuku hubarikiwa. Nikachukua mwavuli. Jua linawaka, mimi kwenye foleni nimemfunika mbwa, nyuma ya mbuzi aliyevaa kofia.

"We Baltasar, mbwa wako bibi harusi?" jirani akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko.

Nikamnong'oneza mama mkwe habari ya matone. Akabana midomo, akakaza shali yake. Nikajua Frijol ameshakwenda ranchi.

Zamu yetu ikafika.

"Funga mwavuli, mwanangu," Padri akasema. "Baraka hazipenyi mwavuli."

Nikaufunga. Ndoo ikapanda juu. Ghafla Doña Eulogia, yule anayelalamikia magoti tangu nimwoe binti yake, akaruka akamlalia Frijol mzima mzima. Maji yote yakaishia mgongoni kwa mama mkwe.

"Doña Eulogia!" Padri akashangaa. "Zamu ni ya mbwa!"

"Nibariki mimi, Padri, nitampelekea!" akafoka kutoka chini. "Dawa ikioshwa, viroboto watarudi, na mimi nimeshaapa mbele ya mtaa mzima! Unataka nimfukuze mtoto wangu?"

Eti mtoto wangu! Nilicheka hadi nikakaa chini, machozi yananitoka, furaha imenipanda kichwani. Frijol, mkavu kabisa, alikuwa anamlamba sikio.

Mama mkwe akaniinulia kidole, maji yakimchuruzika puani.

"Na wewe ukimwambia mtu, utakwenda ranchi wewe."

Parokia nzima ilikuwa imesimama pale inasikiliza.