Kiraka cha Hatua ya Tano

Barua ya Kauko Lehtosaari ilifika Jumatatu asubuhi kwenye orodha ya barua pepe ya Sarka, mahali ambapo watu hawasemezani ila kwa namba za mistari ya msimbo wa kompyuta. Yeye hakuwa na namba yoyote. Aliandika kwamba ana miaka hamsini na tisa, kwamba anahudumia kompyuta za hospitali moja huko kaskazini, na kwamba aliufuata ukurasa wa maelezo neno kwa neno, hatua ya kwanza hadi ya tano, na bado picha za wagonjwa zimeharibika. "Naomba mnieleze nilikosea wapi," alimalizia. "Ijumaa naitwa kikaoni."

Tuulikki Vaarala aliisoma akiwa amesimama, koti bado mwilini, theluji ya Novemba ikiyeyuka kutoka viatuni mwake juu ya sakafu ya ofisi ya Tampere. Alilijua jibu kabla hajafika mwisho.

Sarka ni mfumo wa mafaili unaokaa ndani ya kiini cha mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiendesha kompyuta, na kazi yake ni kuziwezesha kompyuta kadhaa kutumia diski moja kwa pamoja. Ni wapishi watatu kwenye sufuria moja: mwiko ni mmoja, na asiye na mwiko hatii chumvi. Balaa huja pale mpishi mwenye mwiko anaponyamaza ghafla. Amekufa, au amesinzia? Wenzake hawana budi kuhakikisha ametoka jikoni kabla hawajaigusa sufuria, na kwa kompyuta njia ya hakika ni moja tu, kuikatia umeme. Wasio na kifaa cha kuikatia umeme kutoka mbali waliwekewa hatua ya tano: ngoja sekunde sitini, kisha thibitisha kwa mkono kwamba kompyuta iliyonyamaza imekufa. Hatua hiyo ilikuwa salama, kwa sababu kompyuta iliyopotezana na wenzake ilijifunga yenyewe isiandike tena baada ya sekunde arobaini.

Ilikuwa salama. Miaka minne iliyopita Tuulikki alikiondoa kifungo hicho kwa mkono wake. Kilikuwa kinachelewesha kazi, na alipokiondoa mfumo ukakimbia, watu wakampongeza, naye akavimba kichwa kidogo. Eerik Holmström, aliyeutunza mfumo pamoja naye miaka kumi na minane na ndiye aliyeuandika ule ukurasa, alikikagua kiraka chake, yaani lile badiliko la msimbo, akauliza neno moja: "Maelezo?" Tuulikki akamjibu kwamba atayatuma kwenye kiraka cha peke yake. Ndiyo desturi ya watu hawa, msimbo huku na maelezo kule, na hakuna anayeuliza kile kiraka cha pili kimeishia wapi. Baridi iliyofuata Eerik alianguka akizoa theluji mlangoni kwake, akafa. Tuulikki akabaki peke yake na mistari elfu arobaini ya msimbo, na ile ahadi ikalala. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, ila hawakusema ukuta huo utamwangukia nani.

Ulimwangukia Kauko. Kompyuta aliyoithibitisha kuwa imekufa ilizinduka dakika ya nne, ikaandika kile ilichokuwa imekishika, ikaivuruga ramani ya diski. Uharibifu ukatambaa kimyakimya siku kumi na tisa, nakala za akiba nazo zikinakili uozo uleule. Zilizopotea ni picha za vipimo vya saratani ya matiti za miaka kumi na moja. Wanawake walikuwa wanaitwa upya, mmoja mmoja, na daktari hakuwa na picha ya zamani ya kulinganisha.

"Usimjibu," alisema Ilpo Kaskela, meneja wake, kikombe cha kahawa mkononi.

"Mtu ameuliza swali, Ilpo."

"Na wewe si hakimu. Sikiliza, mama. Joost anatutafutia sababu tangu masika."

Joost alikuwa Mholanzi aliyesimamia mifumo yote ya mafaili ndani ya kiini. Mara mbili mwaka huo alikuwa ameuliza hadharani nani bado anaitumia Sarka, na nani ataitunza siku Tuulikki akichoka. Mfumo usio na mwenyewe huandikwa yatima, na yatima wa huko halelewi, hufutwa.

"Ukisimama ukasema tumepotosha watu miaka minne, kesho anatufuta," Ilpo akaendelea. "Miaka ishirini na miwili yako, puu. Na wanaotutegemea je?"

"Wanasoma ukurasa huohuo."

"Basi urekebishe, nani amekukataza? Sema unaweka maneno wazi. Huo si uongo."

"Si uongo. Ila si kweli vilevile."

"Hayo waachie mapadri."

Jumanne simu ya Tuulikki ililia. Sauti ilikuwa ya polepole, ya mtu wa kaskazini asiyepoteza maneno.

"Ndiwe Tuulikki? Mimi Kauko, yule wa barua. Naona sikueleweka vizuri. Nilikuwa fundi umeme mimi, kompyuta nimezijulia ukubwani."

"Umeeleweka."

"Afadhali. Huku wananitazama kama nimemla mtu. Jana kantini nimeweka trei mezani, meza nzima ikakumbuka ina kazi." Akacheka kidogo peke yake. "Ule ukurasa umeuandika wewe?"

"Aliuandika Eerik Holmström."

"Naweza kumpata?"

"Amefariki. Mwaka wa tatu huu."

"Pole. Basi tumwache apumzike. Nijibu kitu kimoja tu, dada. Zile sekunde sitini, nilihesabu vibaya? Nilitazama saa ya ukutani. Nikangoja tisini, nikaongeza thelathini za woga."

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yalikuwa matatu tu, kosa ni langu, na hata mtoto anayaweza.

"Nitaliangalia," akasema Tuulikki.

"Liangalie basi. Mimi mpaka Ijumaa sina pa kwenda."

Alipokata simu aliona aibu kali, ya kuunguza masikio. Alikuwa amejificha nyuma ya mgongo wa maiti. Na bado Jumatano asubuhi alifanya kama alivyoshauriwa. Kiraka kilikuwa kifupi: "Sarka: kufafanua hatua ya tano." Kiliongeza sentensi moja, kwamba mhudumu ahakikishe kwa macho kuwa umeme umekatwa kabla ya kuthibitisha. Kwa sheria yao, kiraka kinachoponya kosa hubeba mstari unaokitaja kiraka kilicholileta, kwa namba na kwa jina la mwandishi, ili dunia nzima ione ugonjwa ulianzia wapi. Cha Tuulikki hakikuwa na mstari huo. Joost alikipokea ndani ya saa moja. "Maelezo safi," aliandika. "Laiti wote wangejali hivi."

Alhamisi kantini ya ofisini ilipika supu ya njegere kama kila Alhamisi, na Tuulikki akaikoroga mpaka ikapoa. Alikuwa anafikiria saa ya ukutani, na mzee aliyesimama chini yake akihesabu. Zile thelathini za woga ndizo zilizomtoa machozi, pale pale mbele ya watu. Mtu alikuwa ameogopa kuharibu vitu vya watu, akangoja mara mbili ya alichoambiwa. Yeye aliyemwambia alikuwa anaogopa mfumo wake kufutwa.

Ijumaa saa tatu asubuhi aliketi akaandika cha kweli. Aliandika kwamba ukurasa ulikuwa na makosa, si utata. Kwamba kifungo kiliondolewa miaka minne nyuma na mtunzaji mwenyewe, aliyeulizwa kuhusu maelezo akaahidi na asitimize. Kwamba yeyote aliyeifuata hatua ya tano, hata angengoja saa nzima, angeweza kuipoteza diski yake. Kwamba kiraka cha Jumatano kilificha haya yote. Chini akaweka mstari wa kosa, namba ya kiraka kile cha miaka minne nyuma na jina lake mwenyewe. Chini yake tena akaandika: "Aliyetoa taarifa: Kauko Lehtosaari."

Ilpo alisoma akiwa nyuma yake. "Umetuzika," akasema.

"Najua."

Alituma kwenye orodha, kwa Kauko, na kwa uongozi wa hospitali. Joost alijibu upesi kuliko alivyotarajia: alimshukuru kwa ukweli, akasema wiki ijayo wazungumze namna ya kuiondoa Sarka kwenye kiini. Tuulikki aliisoma barua hiyo akashangaa kuona inamuuma kidogo tu. Simu ililia saa nne na dakika kumi.

"Nimeisoma," alisema Kauko. "Mara tatu. Kumbe sikukosea."

"Hukukosea hata kidogo. Nenda nayo kikaoni. Si bado?"

"Kikao kiliisha jana."

"Uliandika Ijumaa, bwana Kauko."

"Walikiwahisha. Mwanasheria wao alikuwa na karatasi yako, ile ya Jumatano. Akanisomea. Akasema wenye mfumo wenyewe wanasema ukurasa ulikuwa sawa, ulihitaji kufafanuliwa tu, na mtu makini angekata umeme bila kuambiwa." Alivuta pumzi. "Nikawaza, dada yule aliahidi kuangalia, na ameangalia. Hili ndilo jibu lake. Nikatia sahihi kwamba ni uzembe wangu."

Tuulikki alianza kuitafuta namba ya hospitali kwenye kompyuta.

"Mchana huu barua zinakwenda kwa wale wanawake. Kosa la mhudumu. Mji wetu mdogo, mhudumu ni mmoja."

"Nawapigia hospitali sasa hivi. Watazizuia."

"Zimeshatoka kwenye mashine, nimeziona kwenye magunia. Lakini piga." Karatasi zilisikika zikigeuzwa. "Humu umeniandika. Aliyetoa taarifa. Ni ya nini hii?"

"Ni desturi yetu. Ni heshima kwa aliyeliona kosa. Ikishaingia kwenye kiini inakaa milele."

"Imeshaingia?"

"Bado."

"Basi niondoe. Sitaki jina langu likae karibu na lako." Hakuwa na hasira. Alilisema kama mtu anayeomba dirisha lifungwe. "Haya, dada. Kazi njema."

Alipiga simu hospitali, akaambiwa aandike barua. Akaandika. Kisha akakifungua kiraka, akaufuta ule mstari, akakiita toleo la pili. Sheria inataka toleo jipya liseme kimebadilika nini na kwa nini, na watu wengi huandika maneno mawili wakapita. Tuulikki aliandika: "Jina la mtoa taarifa limeondolewa kwa ombi lake. Alimuuliza mtunzaji Jumanne, na mtunzaji akamjibu Ijumaa." Akatia sahihi, akatuma.