Wafo za Harusi Isiyofungwa

Dada yangu Zulma alikuwa ameshavaa gauni, na msusi alikuwa anabana shela kichwani mwake, wakati ndugu wa bwana harusi, Edgardo, alipoingia getini kofia ikiwa mkononi. Hakuwa na maneno mengi. Alisema Edgardo ameona hawezi, kwamba hana ugomvi na mtu yeyote, na kwamba anaomba asitafutwe. Akarudi kwenye gari lake kabla Mama hajapata nguvu za kumuuliza chochote.

Huko kanisani padri alikuwa tayari, na nusu ya mji wetu wa Yauco walikuwa wamekaa wanajipepea. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuwaambia. Nilisimama mbele yao na viatu vya kuazima, nikasema harusi haipo, nikatoka kwa mlango wa pembeni.

Watu walitawanyika. Vitafunio havikutawanyika. Mama alikuwa ameagiza kwa mwoka mikate wetu masinia kwa masinia: quesito, vile vya kukunja vyenye jibini tamu ndani, vitafunio vya mapera vinavyong'aa sukari juu, na mallorca, mikate laini ya kuviringwa iliyonyunyiziwa sukari ya unga. Vyote vililetwa nyumbani, vikapangwa mezani, juu ya friji, hata juu ya mashine ya kufulia, na hakuna aliyethubutu kuvigusa. Ndugu zetu waliokuja kwa ndege kutoka Nueva York hawakuwa na pa kwenda, kwa hiyo walilala kwetu, kwenye makochi na magodoro, wakinong'onezana kama watu waliokuja msibani.

Zulma ana miaka thelathini na minane. Anafundisha michezo shuleni, na sauti yake haihitaji filimbi. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanasema yule ni mwanamke mgumu, hataolewa, na Edgardo alipotokea Mama alimpokea kama mvua. Ndiyo maana siku ile tuliogopa. Zulma alivua gauni mwenyewe, akalitundika vizuri, akaingia chumbani na kufunga mlango. Hatukusikia kilio. Afadhali tungesikia.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya makaratasi yanayochanwa. Nilimkuta katika chumba cha zawadi, amevaa kaptura ya mpira, nywele bado zimebanwa kibiharusi, amepiga magoti katikati ya maboksi. Mlangoni alisimama dada yake Mama, Mama Mkubwa Haydée, mikono kiunoni.

"Zulma, mwanangu, hizo zinarudishwa kwa wenyewe. Harusi haikufungwa."

"Zitarudi, Mama Mkubwa. Natafuta kitu kimoja tu."

"Kitu gani hicho cha kutafutwa alfajiri yote hii?"

"Cha kupikia. Sijala tangu jana."

Akachana boksi moja, akatoa mashine ya wafo, ile ya kubana mikate ikatoka na vijumba-vijumba. Akachana la pili. Mashine ya wafo. Akachana lile kubwa lenye utepe wa dhahabu, akainua kilichomo, tukatazamana.

Mama Mkubwa alikohoa. "Hiyo ni yangu," alisema. "Dukani waliniapia hakuna aliyenunua kama hiyo."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana kumwona Zulma akicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho, na sikujua machozi yale yalikuwa ya kitu gani, wala sikuuliza.

Jikoni hapakuwa na unga. Wageni walikuwa wamemaliza karibu kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa mbele ya macho yao. Mama alikuwa ameshafungua mfuko mweusi wa taka na alikuwa anaanza kumimina sinia la kwanza. Alisema vitafunio vimeharibika. Havikuwa vimeharibika, vilikuwa vimelegea tu kwa unyevu wa usiku, vimekuwa kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Nadhani Mama alitaka tu visionekane.

"Mama, weka mfuko chini," Zulma alisema.

"Nani atakula vitu vya jana?"

"Mimi."

Alichomeka mashine ya Mama Mkubwa, akasubiri ipate moto, akaweka kitafunio cha mapera na kubana kwa nguvu zake zote za mwalimu wa michezo. Mapera yakachuruzika pande zote, yakaungua, jiko likajaa moshi. Binamu wa Nueva York wakaamka wakikohoa. Mama aliushika tena mfuko.

Zulma alikwangua mashine kwa kijiko cha mti, polepole, akifikiri. Safari hii alichukua quesito. Akaipaka siagi kidogo, akaiweka katikati, akashusha kifuniko bila kukilazimisha. Kikaanza kulia ssss, halafu kikanyamaza. Alipofungua, kile kilichokuwa kimelegea kilikuwa kimekauka na kuwa na rangi ya asali, vijumba vimejichora, na jibini limetokeza pembeni na kuganda likawa kama ukoko mtamu.

Alinipa mimi kwanza. Niliuma, ikavunjika mdomoni kwa mlio, na ndani ilikuwa laini na moto. Nikanyoosha mkono kuomba nyingine.

Basi akaanza kazi. Za mallorca alizikata katikati, akazichovya haraka kwenye maziwa na yai lenye vanila na mdalasini, zikatoka kama mkate uliozaliwa upya. Za mapera ndizo zilimpa shida mpaka akapata akili ya kuziweka ndani ya mallorca na kubana kingo kwa vidole, mapera yakakaa ndani hayakuvuja tena. Binamu mmoja akaona nazi ya kukuna kwenye friji, ikatumika pia. Muda si mrefu mashine zote tatu zilikuwa zinafanya kazi, jikoni hapapitiki, na wale waliokuwa wananong'ona jana walikuwa wanagombea sahani.

Hapo umeme ukakatika. Kwetu si habari; unakatika unavyotaka. Mtaa mzima ukanyamaza, na Zulma akabaki ameshika mashine inayopoa.

Jirani yetu Don Eleuterio, mzimamoto mstaafu, ana jenereta. Lakini kumwomba Don Eleuterio ni kutoka nje, na nje ndiko walikokuwa watu. Mama alisema tuvumilie, umeme utarudi. Zulma alifuta mikono kwenye kaptura, akatoka hadi kwenye ukuta unaotutenga na jirani, peupe, na zile nywele zake za harusi.

"Don Eleuterio, nipitishie waya."

Mzee alikuwa anamwagilia maua. Alifunga maji, na nilijua anatafuta maneno ya pole. Hakuyapata, au aliyapata akayaacha.

"Nitakupa, lakini kwa sharti," alisema. "Harufu hiyo imeniamsha tangu alfajiri, na jiko la mke wangu ni la umeme, jenereta hailiwezi."

"Njooni wote wawili. Njooni na sahani, zetu zimekwisha."

Waya wa jenereta haukufika jikoni. Uliishia pale barazani tunapoegesha gari, kwa hiyo meza ikatolewa pale, mbele ya macho ya barabara nzima. Mtaa hauna umeme, watu hawajanywa chai, na upepo unateremsha harufu ya siagi na mapera. Unafikiri walikaa ndani? Mwanzoni walikuja wanawake wachache, wamevaa nyuso za rambirambi.

"Pole sana, mwanangu," alisema wa kwanza.

"Asante, Doña Providencia. Ya jibini au ya mapera?"

Yule mama alisita, akatazama huku na huku. "Ya mapera," alisema. Alipomaliza akaomba na ya jibini.

Baada ya hapo hapakuwa na pole tena. Wenye jiko la gesi walileta kahawa kwenye birika, mwingine akaleta viti, na wanaume waliokuwa wanapita kwenda misa wakasahau misa. Foleni ikatoka getini. Zulma alikuwa anaipanga kwa sauti yake ya uwanjani, huyu mbele, yule asubiri, na watu wazima walikuwa wanamtii kama darasa la tano. Mama peke yake alikuwa bado ndani. Nilimwona nyuma ya pazia la jikoni.

Ndipo gari la Edgardo likasimama mbele ya geti.

Alishuka amevaa suruali ya harusi na fulana, macho mekundu. Nilimshika Mama Mkubwa mkono kabla hajaokota kitu cha kurusha. Edgardo alipita katikati ya watu na sahani zao, akaenda hadi mezani.

"Zulma, tunaweza kuongea pembeni?"

"Ongea hapa hapa. Jana pia walikuwepo."

Akaongea. Alisema alilala kwa ndugu yake, huko mji wa Guánica, kwamba watu walikuwa wengi mno, kwamba alishikwa na woga na sasa woga umemtoka. Alisema Jumatatu waende mahakamani wawili tu, wafunge ndoa kimya kimya, bila mtu kujua. Nadhani alisema kweli yote aliyokuwa nayo. Hakuwa mtu mbaya, Edgardo; alikuwa mtu wa kuondoka.

Zulma alifungua mashine, akatoa wafo, akamwekea mke wa Don Eleuterio kwenye sahani.

"Umekuja kuniomba msamaha, au umekuja kuniomba nijifiche?"

Edgardo akaanza tena habari za Jumatatu.

"Msamaha nimeshakupa, nenda nao," dada yangu alisema. "Lakini kujifichaficha mimi siwezi. Mwili wenyewe huu, utaufichia wapi?"

Kuna aliyecheka, akajizuia. Edgardo aligeuka kutafuta wa kumwombea, na pazia la jikoni likasogea. Mama akatoka. Niliogopa, kwa sababu mimi namjua Mama: ni yeye aliyekuwa anatuambia kila siku kwamba nyumba bila mwanamume ni banda. Alikuwa amejipaka rangi ya mdomo. Mikononi alibeba sinia la mwisho la quesito, lile alilokuwa amelificha kwenye mfuko wa taka na, bila shaka, kulitoa tena. Aliliweka mezani kando ya Zulma, akamgeukia yule aliyekuwa awe mkwe wake.

"Edgardo, mwanangu," alisema kwa upole, "sogeza gari. Umewazibia watu njia."

Baraza zima lililipuka. Watu walicheka, wakapiga makofi, wengine wakagonga vijiko kwenye vikombe. Edgardo aliondoka taratibu, na niseme kweli, hakuna aliyemzomea. Gari lilipokunja kona, watu wengine wawili wakaingia kwenye nafasi yake na sahani zao.

Masinia yalikwisha kabla ya adhuhuri. Watu hawakutaka kuondoka, basi wakaenda makwao na kurudi na chochote kilichobaki tangu Ijumaa: kipande cha keki ya siku ya kuzaliwa, mikate mitamu iliyokauka, hata donati za mtu aliyekuwa amekatazwa sukari na daktari. Zulma alivibana vyote. Vingine vilitoka vibaya na vikaliwa hivyo hivyo. Binamu wa Nueva York alifungua milango ya gari akawasha redio kwa sauti kubwa, na Don Eleuterio, mkewe akimtazama kwa jicho la pembeni, akamwomba Mama wacheze.

Mtaani kwetu watu wana kumbukumbu ndefu, hasa ya aibu za wenzao. Lakini tangu hapo sijamsikia mtu akiitaja siku ile kuwa ni ya Zulma kuachwa. Wanasema, ilikuwa kabla ya siku ya wafo, au ilikuwa baada ya siku ya wafo, na atakayeuliza ni siku gani hiyo huambiwa, kumbe hukuwepo, umekosa.