Mtihani wa Fimbo Kambi Muru

Saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, Mutanu alisimama mlangoni mwa kanisa la mabati la Kambi Muru, fimbo nyeupe mkono wa kulia, mtungi wa lita tano mkono wa kushoto. Mtihani wenyewe ulikuwa mfupi: toka kanisani, vuka barabara mpya, chota maji kwenye kioski, rudi ndani ya dakika ishirini bila kushikwa mkono na mtu. Kwa miezi minne mradi wa kufundisha vipofu ulikuwa umemzoeza kupeleka ncha ya fimbo kushoto mguu wa kulia ukienda, na kulia mguu wa kushoto ukienda. Sasa alikuwa akitembea kama mke wa chifu.

Atakayepita angepelekwa Kitui kufundisha vipofu wa vijijini. Mutanu aliitaka safari hiyo kuliko chakula. Mdogo wake Ndululu, kipofu kama yeye, alikuwa huko kwao mwaka wa kumi na moja sasa, akitolewa nje asubuhi pamoja na mahindi ya kuanika na kurudishwa ndani jioni pamoja na mahindi.

Nafasi ilikuwa moja na waliofika mtihani wa mwisho walikuwa wawili. Alvin ndiye aliyetangulia. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, macho yake mazima kabisa, na mradi ulikuwa umemfunga kitambaa ili naye ajue giza. Alivuka moja kwa moja, akaruka na dimbwi moja ambalo fimbo yake haikuwa imeligusa.

Mutanu akafuata. Bwana Osewe, mtahini kutoka ofisi ya mradi kule Kawangware, alitembea nyuma yake na fomu.

Hatua ya tisa juu ya lami, fimbo iligonga bati. Ngwa. Barabara ilikuwa pana na tupu. Mutanu alipinda kushoto kama alivyofundishwa, akafuata ukuta kwa ncha. Bati, bati, udongo, mlango wa mbao, bati. Akainama kupita chini ya kamba ya nguo.

"Mama, mbona unazunguka?" Osewe akauliza. "Mbele yako ni lami."

"Wee, nipitie juu ya vitanda vya watu?"

Osewe akakata kona ili amfikie, akagonga ukuta kwa paji la uso. Akajisugua, akaandika saa kwenye fomu, kisha naye akapitia kwa kichochoro.

Nyumba zilizokuwa hapo kabla ya barabara zilikuwa zimebomolewa miaka kadhaa nyuma, tingatinga tatu, asubuhi moja, wenyewe wakiwa bado na miswaki mdomoni. Waliambiwa majina yao yataandikwa mahali. Hayajaandikwa. Wengi wao sasa walikuwa wamesimama kando ya barabara kutazama mtihani, na wakaanza kutambua milio. Ukilala chini ya bati miaka ishirini, mvua ikinyesha, unaijua sauti yake kama ya mtoto wako. Mwendesha boda boda akazima injini. Mzee mmoja akavua kofia. Mwanamke aliyekuwa akikaanga mandazi aliyaacha yaungue, na hakuna mteja aliyelalamika.

Fimbo ikagonga kidebe cha mafuta kilichopigwa kikawa bapa.

"Mutanu," akaita Aoko, muuza omena. "Gonga hapo tena."

Mutanu akagonga.

"Huo ni mlango wangu. Hauna msumari hapo katikati?"

Mutanu akapapasa. "Uko nao. Umenichoma. Jirani gani wewe?"

"Si ungebisha hodi!"

Aoko akatoa ufunguo kifuani, mahali alipokuwa akiuweka tangu siku ile, akausukuma katika hewa na kuuzungusha. Kufuli likafunguka. Harufu ya omena na mafuta taa ikatoka, ikafika hadi kanisani. Aoko akavua viatu, akaingia, akaketi. Kutoka nje alionekana amekaa juu ya lami bila kuigusa, kimo cha kitanda. Watu walimtazama kama wanavyotazama mtoto mchanga.

Mutanu alikwenda zake kioskini, akajaza mtungi, akarudi kwa kichochoro kilekile bila kumwaga tone. Zilikuwa zimebaki dakika mbili.

"Umetembea vizuri kumshinda Alvin, hilo nakubali," Osewe akasema, akipapasa uvimbe wake. "Lakini fomu inauliza kama umevuka kwa mstari ulionyooka."

"Si uandike kuna nyumba."

"Nikiandika kuna nyumba, Kawangware wataniuliza ni za nani."

"Ni za hawa."

Osewe akawatazama hawa. Akaitazama kalamu. Kisha akaandika: *Amekwepa vitu visivyokuwepo.*

"Pole, mathe," Alvin akamwambia, kitambaa kikining'inia shingoni. "Nikifika Kitui nitamfunza sista yako, haki."

Orodha ya vijiji ilitoka Ijumaa. Kijiji cha kina Ndululu hakikuwemo.

Jumamosi wapangaji wa zamani walipiga foleni kwa Mutanu, bila kusukumana. Kila mmoja alitaja mlango wake, na Mutanu akamtafutia. Jumapili jioni mabanda mengi ya kukodi yalikuwa matupu, na katikati ya barabara watu walikuwa wamelala hewani kwa safu, wamejifunika blanketi. Magari yaliwapitia bila kupunguza mwendo. Barabara ilibaki kuwa barabara.

Jumatatu Mutanu alikuwa kwa Aoko akinywa chai. Aoko, aliyekuwa mlangoni, aliona gari la mradi likija, Alvin mbele, fimbo mpya kumi na mbili zimefungwa juu.

"Kunja miguu," akasema.

Mutanu akakunja. Gari likapita kati ya kitanda na meza, na hakuna kikombe kilichotikisika. Alilisikiliza hadi lilipokata kona kushika njia ya Kitui, kisha akanyoosha miguu na kuomba sukari.