Mguu Mmoja Safi

Katika ukoo wa bibi arusi Malaika, pale Kasongo, bwana arusi haingii kwa ubavu wala kwa sura nzuri. Anaingia kwa shairi. Watu wake wanaghani nje ya mlango uliofungwa, na ndani shangazi wa bibi arusi anasikiliza. Wana nafasi tatu tu. La tatu likikataliwa, wanarudi walikotoka hadi Ijumaa nyingine, hata kama pilau imekwisha kuiva.

Faridah, dada mkubwa wa bwana arusi, alijua hayo tangu siku ya posa. Marehemu mama yao ndiye aliyekuwa mghani wa ukoo kule Kabambare, na Faridah alikuwa mrithi wake. Lakini binamu yao Ayoubu, mchuuzi wa Salamabila, alikuja na simu yenye mashine mbili za kutunga mashairi.

"Yaya, pumuzika," alimwambia, kama wanavyoitwa dada wakubwa kwao. "Hizi zimesoma mashairi yote ya dunia. Wewe umesoma ngapi?"

Mahamudu, bwana arusi mwenyewe, akanyamaza. Kimya kile kilimchoma Faridah kuliko maneno ya Ayoubu.

Basi asubuhi ya arusi, pikipiki zikiwa bado na tope la njiani, Ayoubu akasimama mlangoni akasoma shairi la mashine ya kwanza. Lilikuwa tamu, tusidanganyane: mwezi, waridi, lulu, vina vimekaa sawasawa. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Iko muzuri," Shangazi Sifa akasema kutoka ndani. "Sasa toa jina ya Malaika, tia ya jirani yetu Feza. Kuna kitu imeharibika?"

Ayoubu akaitazama simu. Hakuna kilichoharibika.

La mashine ya pili lilikuwa na akili zaidi. Lilitaja mto Lualaba, mpunga wa Kasongo, hata adhana ya alfajiri.

"Hii imepita ile ya kwanza," shangazi akakiri. "Imeuliza njia mupaka imefika Kasongo. Lakini kwetu haijaingia."

Likabaki moja. Mahamudu alikuwa akitota jasho ndani ya kanzu yake. Akageuka.

"Yaya, nisamehe. Ghani wewe."

Faridah angeweza kumwacha aadhirike kidogo, na shetani alimshauri hivyo. Lakini ndugu ni kufaana. Faridah akausogelea mlango.

Kisa alichokichukua kilijulikana na wote. Walikuwa wamekicheka mwaka mzima. Mahamudu alianguka na pikipiki matopeni mbele ya nyumba hii hii. Malaika akatoka na kidumu cha maji, akamwosha mguu mmoja, maji yakaisha. Kijana akaona haya kungoja mengine, akarudi Kabambare na wa pili ukiwa na tope vile vile. Faridah akapaza sauti:

*Mguu uliuosha, mmoja, nikenda kwetu,*
*Wa pili umenichosha, matope hadi kiatu,*
*Kabambare maji tosha, hayausafishi katu,*
*Malaika, njoo osha, tuingie nyumba yetu.*

Kisha ndani kikasikika kicheko cha msichana, cha Malaika mwenyewe, kicheko kisichoweza kuzuiliwa kwa mkono mdomoni. Ua mzima ukalipuka kwa vifijo.

"Ungeelezea simu habari ya muguu, nayo ingeandika!" Ayoubu akapiga kelele.

"Pengine ingeandika vizuri kuliko mimi," Faridah akamjibu. "Habari ulikuwa nayo, simu ulikuwa nayo. Mbona haukuielezea?"

Ayoubu alikuwa amekicheka kisa kile kuliko wote, na hata siku moja hakuwaza kwamba ndani yake mna shairi. Akacheka, akaitia simu mfukoni.

"Huyo ndiye mutungaji!" Shangazi Sifa akasema. "Wote tuliona tope, yeye akaona mulango."

Komeo likavutwa. Faridah alifurahi; angalau leo mama yake angejivuna. Mlango ukafunguka wazi, na kizingitini alisimama Malaika katika nguo zake za arusi, amebeba beseni la maji.

Mahamudu akavua kiatu kimoja tu.