Viatu Visivyolipiwa

Nyuma ya kiatu palikuwa pamekanyagwa tena. Bongnim alikiona mara tu alipofungua mlango, kimelala upande pale wanapovulia viatu, kisigino kimebonyea kama mkate uliokaliwa. Miaka thelathini anashona viatu vya michezo, na binti yake mwenyewe anavivaa kama ndala! Alikiokota, akakigeuza, akakitupa chini.

"Sehwa! Hivi hiki ni kiatu au kandambili?"

"Nilikuwa na haraka, Mama."

"Haraka gani? Kamba zenyewe hujazifungua tangu siku uliyovinunua. Unachomeka mguu, unachomoa. Unachomeka, unachomoa. Halafu unanilalamikia nyayo zinauma."

"Sijalalamika."

"Kwa mdomo hujalalamika. Asubuhi nakusikia ukienda chooni, unakanyagia pembeni ya mguu kama kuku aliyechomwa mwiba."

Sehwa akacheka bila kupenda. Alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, anasugua unyayo juu ya chupa ya maji iliyogandishwa.

Tusimwonee binti wa watu. Pale Busan, kusini mwa Korea, nani anafungua kamba? Mtu anavua viatu nyumbani kwake, anavua kwa shangazi, anavua kwenye mkahawa wa supu, anavua mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi. Ukisema ufunge na kufungua kila mara, supu inapoa. Basi watu hufunga mara moja tu, kwa kulegeza, na kazi imekwisha hadi kiatu kife. Kwa kutembea haina neno. Lakini Sehwa hakuwa akitembea.

Sehwa alitaka kuwa mzimamoto. Mtihani wenyewe una kubeba na kuvuta, na hayo aliyaweza, mgongo anao. Kilichomshinda ni kukimbia kati ya mistari miwili: kengele ikilia uwe umeshafika, ugeuke, urudi, na kadiri unavyochoka ndivyo kengele inavyozidi kukimbizana nawe. Mwaka uliopita nyayo zilimsaliti, akatolewa. Mwaka huu zilikuwa zimebaki wiki tatu, na maumivu yalikuwa yamerudi palepale, yanamchoma kuanzia kisigino hadi katikati ya unyayo.

"Nikianguka safari hii naacha," alisema huku akiizungusha ile chupa. "Nitauza simu dukani kwa mjomba. Nimechoka, Mama."

Bongnim aliingia jikoni kuosha mchele. Moyo wake uliruka kwa furaha, na furaha ile ikamtia aibu, akafungulia bomba kwa nguvu utadhani kuna mtu angeisikia. Maana nafasi aliyoomba Sehwa ilikuwa mkoa wa Gangwon, huko kaskazini kwenye milima na theluji. Akifaulu ataondoka. Akishindwa atabaki, na duka la mjomba liko mtaa wa pili. Na dawa ya ile miguu Bongnim alikuwa nayo mikononi mwake mwenyewe.

"Wewe mwanamke una roho ya jiwe," Malsuk alimwambia kesho yake kazini.

Malsuk alikuwa shoga yake tangu usichana, enzi zile viwanda vya viatu vilipojaa Busan na wasichana wakitoka zamu wananuka gundi. Sasa walikuwa kwenye karakana ndogo ya kushona viatu vya mfano, vile vya kujaribiwa kabla kiwanda hakijatoa vingi, na wao wawili ndio wakongwe.

"Unawashonea wakimbiaji usiowajua hata majina, na mwanao anachechemea!"

"Sitampa mtu viatu tena. Unajua kwa nini."

Malsuk alijua, na mtaa mzima ulijua. Watu wa huko husema ukimzawadia mpenzi wako viatu, atavivaa akukimbie navyo. Dawa yake ni rahisi: anayepewa atoe sarafu moja, hata ya won mia, ihesabike kuwa amenunua. Bongnim alipokuwa bibi harusi wa juzijuzi alimshonea mumewe viatu vya ngozi nyeusi, kila mshono kwa mkono. Mume akacheka, akasema mke wangu una mambo ya kizamani, akavivaa bure. Majira ya baridi ya pili hayajaisha, akaaga kwamba anakwenda Incheon kumwona mtu wa kazi. Sehwa alikuwa hajaota meno.

"Mpaka leo hajavivua," Bongnim alisema.

"Ulivishona vizuri mno, kosa lako ndilo hilo. Ungeacha uzi mmoja umelegea, angerudi umtengenezee!"

Walicheka hadi msimamizi akageuka kuwatazama. Kisha Malsuk akapunguza sauti. "Lakini yule alikuwa anaondoka tu, Bongnim. Hata angekuwa peku."

Bongnim alivuta uzi kwa hasira, ukakatika.

Jumamosi aliviringisha wali kwenye mwani, akaukata vipande, akaupeleka ukumbini alikofanyia Sehwa mazoezi. Alivua viatu mlangoni, maana ndani waliovaa ni wakimbiaji tu, akasimama na soksi zake. Sehwa hakumwona, alikuwa anakimbia. Macho ya Bongnim hayakwenda usoni kwa binti yake, yalikwenda miguuni, ndivyo yalivyozoea.

Viatu vilikuwa vizuri, lakini si kwa shughuli ile. Vilikuwa vya barabara ndefu iliyonyooka, soli nene laini kama godoro. Kila Sehwa alipogeuka kwenye mstari, soli ilibonyea upande mmoja, mguu ukateleza ndani, kisigino kikataka kutoka, na vidole vikawa vinang'ang'ania kiatu kisimvuke. Kazi ya kamba ilikuwa inafanywa na unyayo. Bongnim aliona yote kwa mizunguko michache tu.

Kengele ikamwacha. Sehwa alijikokota hadi ukutani, akakaa, akavua kiatu. Akidhani hakuna anayemwangalia, akakunja ngumi, akaanza kuupiga mguu wake.

"Mguu mpumbavu! Mguu mpumbavu wewe!"

Hasira ilimpanda Bongnim hadi masikio yakawaka moto. Mguu ule aliuzaa yeye. Aliuosha, aliukata kucha, aliupasha joto tumboni kwake majira ya baridi walipokosa mafuta ya jiko.

"Nani kakupa ruhusa ya kuupiga?"

Ukumbi mzima uligeuka.

"Mama! Watu wanaangalia!"

"Waangalie, si wana macho? Kula. Halafu unapumzika, hukimbii tena leo. Jioni uje kazini kwangu, miguu ikiwa imevimba na uchovu wake. Asubuhi mguu huwa unadanganya."

Jioni Sehwa alisimama juu ya karatasi, kati ya cherehani, soksi mkononi. Bongnim alipiga magoti na penseli.

"Kanyaga kwa uzito wote. Usininyanyulie kisigino. Haya, huo mwingine." Alipima, akapima tena, akakunja uso. "Wewe unavaa namba gani?"

"Milimita mia mbili arobaini."

"Arobaini? Wewe ni mia mbili hamsini, na upana kama wa bata! Nani alikwambia arobaini?"

"Wewe. Nilipokuwa sekondari."

Malsuk, aliyekuwa akijifanya anafagia, ilibidi akae chini kwa kicheko.

Bongnim alivishona wakati wa chakula cha mchana, na msimamizi akawa anatazama kwingine. Soli aliichagua ya kadiri, ngumu katikati, isikunjike popote ila pale vidole vinapokunjikia. Ubavuni aliweka gozi la kushika mguu usiteleze wakati wa kugeuka. Mbele alipanua, akaacha nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisigino alikitia ugumu mara mbili, ili atakayekikanyaga kimuumize yeye. Na matundu ya kamba akayatoboa mengi, hadi karibu na kifundo.

Siku alipovileta nyumbani alifanya jambo ambalo Sehwa hakuwahi kuliona maishani. Mwanamke huyu, aliyewahi kumfukuza fundi bomba kwa kukanyaga sebule na buti, alitandika blanketi la zamani kutoka ukutani hadi ukutani, akaweka viatu vipya katikati.

"Vaa. Utatembea navyo humu ndani hadi vikuzoee."

"Humu ndani? Na viatu?"

"Kabla sijabadili mawazo. Sikiliza: unafungua kamba zote, unaingiza mguu, unagonga kisigino nyuma, unakaza kuanzia chini, tundu kwa tundu. Ukivua, unafungua zote tena."

"Nitachelewa kila mahali, Mama."

"Chelewa."

Sehwa alivaa. Alisimama, akapiga hatua, akageuka ghafla kama yuko mstarini. Mguu haukuteleza. Akageuka tena, na tena, akamtazama mama yake kwa mdomo wazi. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu ya won mia. Bila shaka Malsuk alikuwa amemnong'oneza.

"Shika, Mama. Nanunua."

Bongnim aliitazama ile sarafu. Siku zote hizo, kila alipopitisha sindano, alikuwa akiiwaza. Alikuwa ameazimia kuidai kwa nguvu. Hata sarafu kumi angezidai. Sasa ilikuwa mbele yake, na akamwona binti yake ukutani akiupiga mguu kwa ngumi.

"Rudisha mfukoni."

"Mama, ndiyo dawa yenyewe hii. Usipoichukua nitakukimbia."

"Basi nikimbie!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka, halafu ikakatika. "Sikukushonea ukae. Yule niliyemshonea akae hakukaa. Wewe nimekushonea ukimbie. Nilitaka ushindwe, mwanangu. Nilikuwa naosha mchele nikaomba ushindwe. Sasa sitaki."

Sehwa alisimama katikati ya blanketi na viatu vyake vipya, analia, na Bongnim akaenda jikoni kutafuta kitu asichokijua.

Siku ya mtihani hakwenda. Alishona mishono ya kombokombo hadi Malsuk akamnyang'anya kazi. Simu ilipolia aliiangusha kwanza.

"Mama, safari hii kengele ndiyo iliyochoka."

"Na miguu?"

"Miguu ipo. Inauma kama miguu ya mtu aliyekimbia, basi."

Majibu yalipotoka, Gangwon ilimchukua. Asubuhi ya kuondoka baridi ilikuwa imeanza. Begi lilikuwa mlangoni, na teksi imeshasimama chini ya ngazi za mtaa. Bongnim alikuwa ameamka mapema, akavigeuza vile viatu vielekee nje, kama wanavyogeuziwa wageni. Sehwa aliviona. Alikaa kizingitini, akafungua kamba zote, akaingiza mguu, akagonga kisigino, akaanza kukaza kutoka chini, tundu kwa tundu.

Teksi ikapiga honi.

Kwa viatu vyake vya zamani angekuwa ameshafika chini. Bongnim alisimama nyuma yake, anatazama vile vidole vikipanda taratibu, na akajuta kwamba hakutoboa matundu zaidi. Kiatu cha kwanza kikaisha. Cha pili kikafika katikati, kikafika juu, Sehwa akafunga fundo.

"Hapo chini pamelegea," Bongnim alisema.

Sehwa alikitazama kiatu. Kilikuwa kimekazwa sawasawa. Akainua uso akamtazama mama yake, kisha akainama tena.

"Kweli, Mama," alisema, akafungua kamba zote, akaanza upya.