Vibawa vya Turbo na Jicho la Mama

Ile Ijumaa nilitukana turbo ya gari yangu mbele ya batu, nikamtukana aliyeivumbua, na karibu nimtukane Ridhwani, fundi wa Kamembe ambaye leo namuombea kila asubuhi kabla ya batoto bangu mwenyewe.

Mama yangu, Patricie, alikuwa na miaka mitatu haoni kitu. Macho yote mawili yalifunikwa na utando mweupe. Wiki ile baganga ba macho balikuja hospitali ya Mibirizi, na siku yabo ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Jina la Mama lilikuwa kwenye orodha. Sasa, tangu avunjike kiuno hapandi pikipiki, na wakati wa matope gari ingine ya kufika kwetu Rwimbogo haiko. Iko yangu tu, pikapu ya mazutu, yaani dizeli.

Na hiyo Ijumaa, pikapu ikakataa mlima. Nakanyaga, inakohoa. Taa ya moteri imewaka, gari inapanda kama mzee mwenye pumu. Nikaiteremsha polepole mpaka garaji ya Ridhwani.

Alisikiliza kidogo tu. "Papa Mutabazi, turbo yako, hii feni inayozungushwa na moshi ili isukumie moteri hewa, ni ile ya vibawa. Vimekwama."

"Basi toa! Weka turbo ya zamani, isiyo na vibawa. Gari ya marehemu Papa ilikuwa nayo, haikumsumbua hata siku moja!"

"Ya zamani haifi ovyo, sikatai. Haina kitu cha kukwama. Lakini inalala mpaka moteri ikimbie sana. Utaingia matope ya Rwimbogo na Maman ndani, turbo bado iko na usingizi! Hii yako, moteri ikienda pole, vibawa vinabana njia ya moshi, moshi unapita kwa nguvu, turbo inaamka mapema. Moteri ikikimbia, vinafunguka. Kwa hii milima yetu, mimi sitaki ingine. Ubaya wake ni masizi. Yakijaa, vibawa havitembei tena, na kuisafisha ni kazi ya kuvunja mgongo." Akaniangalia. "Wewe unaiendesha namna gani?"

Nikajivuna! Papa alinifundisha Bukavu, wakati mazutu inauzwa kwa chupa: panda gia haraka mpaka vitesi ya juu, mguu mwepesi, kama umebeba mayai. Miaka sita sijawahi kuipigisha hiyo moteri kelele.

Ridhwani alicheka mpaka akashika mlango. "Basi ni wewe umeiua! Haijapata joto hata siku moja la kuunguza masizi yake."

Weee! Damu ikanipanda. Mimi, shoferi wa miaka thelathini! Niliondoka hatua kumi, nikarudi, maana ningeenda wapi?

Akafungua turbo. Vibawa vyote vilikuwa vyeusi, vimegandana. Akaviloweka kwenye beseni ya dawa, akanawa mikono, akavaa kofia.

"Unaenda wapi?"

"Kuswali. Ni Ijumaa."

"Mama yangu haoni, wewe unaenda kuswali!"

"Masizi yanataka saa nzima kulainika, Papa. Hata nikiyatolea macho hayataharakisha. Nitamuombea Maman."

Nikabaki nimenuna peke yangu na beseni. Aliporudi alikaa chini, akasugua kibawa kimoja kimoja kwa mswaki wa meno, mpaka pete inayovisukuma ikacheza kwa kidole kimoja. Jua lilikuwa linazama alipokaza boliti ya mwisho.

"Kesho, moteri ikishapata moto," akasema, "vitesi ya pili, kanyaga bila huruma."

Jumamosi asubuhi Mama alishika mlango kwa mikono miwili. "Polepole, mwanangu, polepole!" Ndivyo alivyosema kila safari tangu aache kuona, kila mlio ulimtisha. Mlima wa matope ukafika mbele yetu. Mguu wangu ulitaka kumtii. Nikakanyaga. Moshi mweusi ulitoka nyuma, halafu gari ikavuta kutoka chini kabisa, bila kusita hata kidogo. Mama aliwaita batakatifu bote kwa majina. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, nasema asante Mungu, asante Ridhwani. Tulifika Mibirizi jina lake bado halijaitwa.

Balimpasua jicho la kulia. Jumapili bauguzi bakatoa bandeji. Mama akanitazama, akanitazama.

"Umezeeka, Mutabazi."

"Ndiyo, Maman."

"Tena vibaya." Akafuta machozi yangu kwa kitenge chake. "Nipeleke kwa yule Muislamu uliyesema aliniombea."

Njiani mguu ukarudi kwenye mazoea yake, mwepesi. Mama alikuwa ameinama karibu na kioo, anaangalia mashamba, mbuzi, batoto ba njiani. Tulipoanza kupanda akasema, bila kugeuka, "Kanyaga. Njia naiona."

Ridhwani alipotuona alificha mikono nyuma. Mama akaivuta mbele.

"Acha, Maman, iko na masizi."

"Wacha niyaone. Miaka mitatu sijaona hata uchafu."

Akaigeuza juu na chini, akaangalia kidole kimoja kimoja, na Ridhwani akamwachia mikono mpaka alipomaliza.