Kasha Lililodanganywa Umri

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, fundi wa kompyuta aliingia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akalivuta kasha la kumbukumbu na kulipangusa kwa kipande cha bitana. Lilikuwa kasha jeusi, ukubwa wa mkate mzima, lenye taa tatu za kijani na moja ya rangi ya chungwa iliyokuwa ikikonyeza tangu mwaka juzi. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, na ndani ya diski hizo mlikuwa na vipimo vya kila mtu aliyewahi kushonewa nguo katika karakana ile ya ushonaji kwa miaka kumi na minne: mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, urefu wa suruali, na maelezo mafupi kama vile "hapendi mifuko" au "bega la kushoto limelala."

Bosi alikuwa amenunua kompyuta mpya, na kompyuta mpya haikutaka kusemezana na kasha la zamani. Waliolitengeneza walikwisha kutangaza kwamba kasha la namna ile limezeeka, hawatalipelekea tena programu mpya. Mwenye nalo anunue jingine. Bosi, ambaye mafundi cherehani walimwita Mkasi kwa jinsi alivyopunguza kila kitu, alisema hanunui.

"Kasha zima kabisa hili. Linawaka, linanguruma. Kwa nini nilizike?"

"Usilizike, bosi," alijibu fundi kutoka chini ya meza. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyechomeka bisibisi kwenye nywele, na jina lake likawa hilohilo. "Ipo programu mpya waliyowatengenezea wadogo zake. Nitaitia humu. Ila lazima tulidanganye umri, lijione dogo."

"Lidanganye."

"Likiharibika, waliolitengeneza hawatupokelei hata simu. Na likishapanda, halishuki. Nasema mbele ya mashahidi."

"Bisibisi, maneno yako mengi kama redio. Tia."

Bisibisi akafungua ukurasa ambamo kasha lilitunza jina na namba ya toleo lake, akafuta tarakimu moja, akaandika nyingine. Kasha likajisoma, likaamini. Taa ya rangi ya chungwa ikawa kijani. Mngurumo ukakoma, na badala yake kasha likaanza kuimba kwa sauti ndogo ya kupendeza, kisha likainuka kutoka sakafuni kiasi cha kiganja kimoja na kubaki hapo. Waya wa mtandao ukakaza. Bisibisi akatafuta waya mrefu zaidi.

"Kuna jambo jipya humu," alisema akisoma kwenye kioo cha kompyuta. "Ulinganisho wa papo hapo. Kilichoandikwa na kilichopo viwe kitu kimoja. Niweke ndiyo?"

"Lina malipo?"

"Bure."

"Weka ndiyo."

Mpimaji wa karakana, Mama Futi, alikuwa amesimama karibu, futikamba yake shingoni. Yeye ndiye aliyeingiza vipimo vyote vile, na alikuwa na namna yake ya kuviingiza, aliyofundishwa na Mkasi siku yake ya kwanza kazini. Urefu wa suruali na wa mkono aliusoma kwa sauti kamili, mteja asikie. Kisha aliuandika pungufu inchi moja. Kiuno hakikuguswa, maana kiuno kikibanwa husema palepale. Inchi hizo zikikusanyika, kila wiki kilipatikana kitambaa cha suruali kadhaa ambazo hakuna mteja aliyeziagiza, na Mkasi alijua pa kuzipeleka. Mteja akirudi kulalamika kwamba upepo unampiga kwenye vifundo vya miguu, aliambiwa kitambaa kimeingia maji. Wengine waliambiwa wamerefuka. Hao waliondoka wamefurahi.

Jumanne mji uliamka umelingana na vipimo vyake.

Mkunga mstaafu, ambaye alipimwa mara ya mwisho siku alipomwoza kitinda mimba wake, aliamka na kiuno cha siku ile. Alifunga mkanda, akaona matundu matatu yamebaki, akaenda kununua maziwa kwa kupitia njia ndefu. Dereva wa lori la mchanga, kijana wa miaka ishirini na mbili, hakuwa amerudi karakana tangu kaptula yake ya darasa la tatu. Aliamka na miguu ya darasa la tatu chini ya ndevu zake. Alifunga vipande vya mbao kwenye breki na klachi, akafika kazini amechelewa dakika kumi, akakaripiwa kwa kuchelewa.

Waliobaki walipungua miguu inchi moja, na mikono inchi moja, basi. Kwa mara ya kwanza nguo zao ziliwakaa. Suruali zilishuka zikagusa viatu. Mikono ya mashati ilifika pale mikono ya mashati inapotakiwa kufika. Watu walitembea barabarani wakijitazama kwenye vioo vya maduka, wakisimama, wakirudi kujitazama tena. Mhasibu wa shule, mtu asiyecheka, alionekana akiruka dimbwi ambalo angeweza kulizunguka. Seremala alipita nyumba kwa nyumba akishusha rafu, na mchana alikuwa amemaliza misumari.

Mbele ya karakana palikuwa na foleni ya kushukuru.

"Mkasi, mkono wako una baraka!"

"Nilidhani kitambaa kimeingia maji, kumbe kilikuwa kinajipanga!"

Mkasi aliwapokea mlangoni. Vipimo vyake mwenyewe aliviandika kamili siku zote, kwa hiyo sasa aliwapita wote kwa inchi moja. Wateja waliliona hilo, wakaambiana kwamba mambo ya mtu yakinyooka, naye hurefuka. Ndani, cherehani tisa zilifuata wimbo wa kasha bila kukosea mshono, na vitambaa vilijikunjua vyenyewe mezani kwa haraka ya watoto waliosikia kengele ya kutoka.

Mama Futi hakuimba. Alfajiri ile binti yake alikuwa amesimama kwenye fremu ya mlango wa jikoni, penye alama za penseli za kila mwaka. Alama ya juu kabisa, futi tano na inchi nne na nusu, ilikuwa hewani juu ya nywele zake.

"Mama, nimepungua."

"Simama sawa."

"Nimesimama sawa tangu shule ya msingi, mama."

Alhamisi zimamoto walikuwa wanachukua askari wapya, na asiyefika futi tano na inchi nne alirudishwa getini. Binti alikuwa amejiandaa miaka miwili. Alipanda ngazi za ghorofa nne na ndoo mbili za maji kila jioni, mpaka majirani wakawa wanampa na ndoo zao. Mwezi uliopita mama yake alimpima suruali ya mazoezi. Mguu ulisoma thelathini na tisa. Mama aliandika thelathini na nane, si kwa ubaya, mkono ulishazoea.

Mama Futi alikwenda kwanza kwa Bisibisi.

"Kulirudisha nyuma haiwezekani, dada," alisema Bisibisi. "Nilisema mbele ya mashahidi. Lakini andika kipimo cha kweli, ataurudia urefu wake. Kasha linaamini linachoandikiwa."

Akaenda kwa Mkasi, ambaye alifungua kasha kwa neno la siri kila asubuhi na kusimama nyuma ya mpimaji kila kipimo kilipoingizwa.

"Nikirekebisha mmoja, wa pili atauliza kwa nini," Mkasi alisema. "Wa tatu atakuja na futi yake. Watu wana furaha, Mama Futi. Tazama foleni ile. Unataka niwaharibie?"

"Basi mwanangu anashonewa suruali mpya. Mteja hafukuzwi."

"Mteja hafukuzwi," Mkasi alikubali.

Jumatano saa nne binti alipanda kwenye kibao cha kupimia. Mkasi alisimama nyuma, mikono mgongoni. Mama Futi alipiga goti, akanyoosha futikamba kutoka kiunoni hadi kisiginoni. Ilisoma thelathini na nane. Aliitazama vizuri, akaibana kwa kidole gumba.

"Arobaini!" alisoma kwa sauti.

"Miguu hiyo," alisema Mkasi.

Mama Futi akaenda kwenye kompyuta, akatoa inchi moja kama alivyofundishwa, akaandika thelathini na tisa. Mkasi aliona arobaini imekuwa thelathini na tisa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kasha likapandisha wimbo, na juu ya kibao binti akaumuka taratibu kama unga uliotiwa hamira. Alipiga chafya mara moja.

"Afya," alisema Mkasi.

Alhamisi zimamoto walimpokea, nusu inchi juu ya mstari. Vijana kumi na mmoja wengine wa mji ule, ambao wiki iliyopita wangeupita, walisimama chini yake kidogo tu, wakarudishwa getini. Walirudi kwa miguu, suruali zikiwakaa vizuri.

Ijumaa Mkasi alipima masalio ya vitambaa mezani.

"Suruali ya mwanao imekula kitambaa chote."

"Ana miguu mirefu, bosi."

Mkasi alimtazama kwa muda wa kutosha kutia uzi kwenye sindano.

"Mmoja," alisema.

"Mmoja," alijibu Mama Futi.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwenye ghala na alihitaji sare. Alipanda kibaoni akapiga mluzi pamoja na kasha, ambalo sasa lilikuwa limepanda likalingana na meza.

"Mama, hongera ya mwanao. Atatuzimia moto sisi wafupi."

"Ahsante, baba. Nyoosha mguu."

Alipiga goti. Futikamba ilisoma thelathini na nane.

"Thelathini na nane," alisoma kwa sauti.

Nyuma yake Mkasi alikohoa. Mama Futi akaenda kwenye kompyuta, akaandika thelathini na saba. Taa zote nne zilikuwa kijani. Kibaoni, suruali aliyokuja nayo kijana ikashuka ikafunika viatu.

"Kumbe ilikuwa imelegea," alisema kijana, akainama kuikunja, akiendelea na mluzi.